Flashi Isiyo na Jina: Kujua Kilichomo Kabla ya Kupiga Windows

Ukiingia kwenye duka la fundi wa kompyuta, iwe Kariakoo hapa Dar es Salaam au Luthuli Avenue kule Nairobi, kuna kitu hutakikosa juu ya meza au ndani ya droo: rundo la flashi na DVD zisizo na maandishi. Baadhi ziliwahi kuandikwa kwa makapeni, vidole vikayafuta maandishi. Nyingine zina neno moja tu, "Windows", kana kwamba Windows ni moja. Fundi anaokota mojawapo, anaichomeka kwenye kompyuta ya mteja, anaanza kupiga Windows, na kilichokuwemo anakuja kukijua mfumo ukishakaa.

Hapo muda umepotea, na mara nyingine kimepotea zaidi ya muda. Kompyuta ile ina picha za harusi, ina hesabu za duka, ina tasnifu ya binti wa watu aliyebakiza wiki moja kuiwasilisha. Mfumo usiofaa ukiingia, fundi hufuta na kuanza upya, na kila kufuta ni hatari nyingine kwa mali ya mwenyewe. Mimi nasema hivi: diski ya kupigia mfumo imebeba ndani yake maelezo ya kujitambulisha, na maelezo hayo yanasomeka kwa dakika chache bila hata kuigusa kompyuta ya mteja. Fundi anayelipwa hana sababu ya kubahatisha.

Mtu atauliza, kwani Windows ikishawaka si inatosha? Haitoshi. Windows XP iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Anayepigiwa mfumo ulioachwa anarudishiwa kompyuta inayowaka vizuri, lakini kila tundu la usalama litakalogunduliwa kesho litabaki wazi kwake. Na yeye hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Upande wa pili, toleo jipya mno nalo lina shida zake. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Toleo lake la 24H2 linataka kichakataji chenye amri inayoitwa POPCNT, kwa hiyo kompyuta za enzi za Core 2 Duo, ambazo bado ziko nyingi kwenye maabara za shule zetu, haziwezi kuliwasha hata fundi akizikwepa zile kanuni nyingine za Microsoft. Mwalimu atakuambia kompyuta imekufa. Haijakufa, imepewa toleo lisilo lake.

Sasa tuichukue flashi yetu. Kabla ya kusoma kilichomo, tufikirie imepita mikononi mwa nani. Kirusi cha Conficker, kilichoanza kusambaa mwishoni mwa 2008, kilipita kwenye flashi kwa kutumia faili dogo la autorun.inf, linaloiamuru kompyuta cha kufanya flashi inapochomekwa. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuizima tabia hiyo kwenye XP na Vista. Lakini Stuxnet, iliyofichuliwa mwaka 2010, ilikuwa imeshaonyesha kwamba kirusi kinaweza kuingia kwa wewe kufungua tu folda na kutazama alama zilizomo. Basi flashi usiyoijua ikague kwenye kompyuta isiyo na kazi za wateja, yenye masasisho yote, na kama unayo inayotumia Linux, hiyo ndiyo bora. Na usibofye setup.exe mara mbili ili "uone itasema nini". Tunasoma tu, hatuendeshi chochote.

Jambo la kwanza utakaloliona ni jina la diski, lile linaloandikwa pembeni ya herufi ya D au E. Mafundi wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Jina la diski lina thamani kwenye DVD halisi za zamani. DVD ya Windows 7 inayosomeka GRMCULXFRER_EN_DVD, kwa mfano, inazungumza: UL ni Ultimate, X iliyofuata ni biti 64, EN ni Kiingereza. Ukikuta HP mahali pa UL, hiyo ni Home Premium. Ukikuta PR, ni Professional. Jina likianza na GSP1 badala ya G peke yake, imo Service Pack 1. Mtu akizoea herufi hizo anaitambua DVD kwa kuitupia jicho.

Ila kwa Windows 10 na 11 jina hilo linakwambia kidogo sana. Ukiona ESD-USB, umejua tu kwamba flashi ilitengenezwa na chombo cha Microsoft chenyewe, kile kinachopakua Windows na kuiandika kwenye flashi. Iwe 10 au 11, jina ni hilohilo. Ukiona CCCOMA_X64FRE_EN-US_DV9, umejua ni biti 64 na ni Kiingereza cha Marekani, basi. Tena jina la flashi hubadilishwa na yeyote kwa sekunde tatu. Ni sawa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la jikoni: anayejua nyumba hiyo anajua ndani mna chumvi, mgeni ataitia kwenye chai.

Kwa hiyo fungua. Ukikuta folda inayoitwa sources, umeshajua ni Windows kuanzia Vista na kuendelea. Ndani ya sources tafuta faili kubwa kuliko yote. Litaitwa install.wim au install.esd, au litakuwa limekatwa vipande vyenye mwisho wa swm, kwa sababu flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Faili hilo ndilo Windows yenyewe, ndilo litakalomwagwa kwenye kompyuta. Mengine yote ni wasaidizi wake. Usipoliona, angalia kama kuna folda mbili, x86 na x64. Hiyo ni flashi yenye biti 32 na biti 64 kwa pamoja, na kila folda ina sources yake.

Wenye kalamu, andikeni. Kwenye kompyuta ya Windows fungua ile skrini nyeusi ya amri kwa haki za msimamizi. Andika dism, acha nafasi, weka mkwaju, kisha Get-WimInfo, yaani Get, kistari, WimInfo. Acha nafasi, mkwaju tena, WimFile, nukta mbili, halafu njia ya faili lenyewe. Kama flashi yako ni E, amri nzima inakuwa hivi:

dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Kama faili lako ni la esd, badilisha mwisho wake tu. Bonyeza Enter. Kitakachotokea ni orodha, na kila kilichomo kina namba yake: Home, Pro, Education na nyinginezo. Flashi moja inaweza kuwa na zaidi ya kumi. Sasa rudia amri ileile, mwishoni uongeze nafasi, mkwaju, Index, nukta mbili, na namba unayoitaka. Hapo utapewa kila kitu: jina, usanifu kama ni biti 32 au 64, namba ya toleo, lugha, na tarehe faili lilipotengenezwa. Anayetumia Linux atapata habari hizohizo kwa programu ya wimlib, kwa amri ya wiminfo.

Namba ya toleo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu, nami nataka tukae nayo kidogo. Itaonekana kama 10.0.19041 au 10.0.22621. Ile 10.0 ya mbele isikupoteze, kwa sababu hata Windows 11 inajiita 10.0. Tazama tarakimu zinazofuata. 7600 ni Windows 7 ya mwaka 2009, na 7601 ni hiyohiyo ikiwa na Service Pack 1. 9200 ni Windows 8, 9600 ni 8.1. 10240 ni Windows 10 ya kwanza kabisa, ya Julai 2015. 14393 ni ya mwaka uliofuata. 17763 ni ile iitwayo 1809. 22000 ni Windows 11 ilipozaliwa, Oktoba 2021. 22621 ni 22H2, na 26100 ni 24H2, ile isiyotaka kompyuta za kizamani. Kwa Windows za watu wa kawaida, namba isiyofika 22000 ni Windows 10 kushuka chini; 22000 na kuendelea ni Windows 11.

Nimesema za watu wa kawaida kwa makusudi. Windows za seva hushiriki namba na ndugu zao. Server 2016 ni 14393, Server 2019 ni 17763, Server 2025 ni 26100. Mtu akisoma namba bila kusoma jina, anaweza kumpelekea mama mwenye duka la vifaa mfumo wa seva. Soma mistari yote miwili.

Mtego mwingine umo kwenye Windows 10 za mwisho. Matoleo ya 20H2, 21H1, 21H2 na 22H2 yakishakaa kwenye kompyuta hujitangaza kama 19042, 19043, 19044 na 19045. Lakini yote manne yamejengwa juu ya msingi mmoja wa 19041, na ukiyauliza yakiwa bado kwenye flashi yanajibu 19041. Fundi anatazama anasema, aa, hii ni ya Mei 2020, anaitupa. Kumbe ameshika 22H2, ya mwisho kabisa ya Windows 10. Kinachotofautisha ni mstari wa chini yake, ServicePack Build, yaani namba ya masasisho yaliyochanganywa ndani, ukiusoma pamoja na tarehe za faili. Flashi ya tarehe za 2022 haiwezi kuwa toleo la Mei 2020.

Kama huna haki za msimamizi, kuna njia fupi. Bofya kulia juu ya setup.exe, chagua Properties, nenda Details, usome File version. Ni njia nzuri ya kuanzia, ila jua inakwambia habari za setup.exe, si za install.wim. Kwenye flashi iliyoandikwa kwa uaminifu hivyo viwili vinakubaliana. Kwenye flashi iliyoungwaungwa na mtu, aliyechukua mafaili ya huku akayatia huku, havikubaliani, na kutokubaliana huko ni habari muhimu kuliko namba yenyewe.

Kuna waliozoea kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo ili kuangalia. Si vibaya, kuwasha peke yake hakufuti kitu mpaka ufike kwenye kuchagua mahali pa kuiweka. Skrini ya kwanza ya Windows ikitokea, shika Shift na F10, skrini ya amri itafunguka, na ile amri yetu ya dism inafanya kazi humo pia, ila herufi za diski hubadilika, kwa hiyo tafuta flashi imekuwa herufi gani. Tahadhari yangu ni kwamba kinachowaka hapo ni faili jingine, boot.wim, na wala si Windows itakayokaa. Rangi na sura ya skrini hiyo isiwe ushahidi wako.

Na kabla hatujaiacha Windows, jambo moja la mteja. Kompyuta nyingi zilizouzwa zikiwa na Windows 8 na kuendelea zimewekewa ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama kiwandani. Flashi yenye Home na Pro kwa pamoja huusoma ufunguo huo na kuweka Home bila kuuliza, ikiwa kompyuta ilinunuliwa na Home. Fundi anashangaa, mteja aliahidiwa Pro, maneno yanaanza. Wakati mwingine kuna faili dogo kwenye sources, ei.cfg, linaloamua aina na njia ya leseni. Lifungue kwa Notepad ulisome. Ufunguo wa Home haufungui Pro, na hakuna ufundi wa halali unaoweza kubadilisha hilo.

XP nitaipitia haraka, maana bado iko kwenye mashine fulani za viwandani na za maabara ambazo hazikubali kitu kingine. CD yake haina sources. Ina folda ya I386, na pembeni yake mafaili madogo yanayoanza na WIN51. WIN51IP ni Professional, WIN51IC ni Home, na ukiona lenye mwisho wa SP2 au SP3, hiyo ndiyo Service Pack yake. Mafaili hayo hayana maana nyingine zaidi ya kuwa kitambulisho.

Tuje Linux. Hapa kazi ni nyepesi, kwa sababu watengenezaji wake wamezoea kuandika mambo wazi. Lakini tunaanza na hatari. Flashi ya Linux ukiichomeka kwenye Windows, mara nyingi Windows inakuambia diski hii haisomeki, je, uiformati? Jibu ni hapana. Flashi ni nzima kabisa. Windows ndiyo haijui kuusoma mpangilio wake. Nina hakika flashi nyingi nzuri zimefutwa katika nchi zetu hizi kwa kubonyeza "ndiyo" kwenye swali hilo.

Ipeleke kwenye kompyuta ya Linux. Amri ya lsblk, nafasi, kistari, f, inakutajia diski zote na majina yake, na flashi ya Ubuntu itajitaja kitu kama "Ubuntu 22.04.3 LTS amd64", neno kwa neno. Jina hilo halikuandikwa na aliyekuuzia. Linatoka ndani ya taswira ya diski yenyewe. Kwa kanuni ya ISO 9660, sekta 16 za mwanzo huachwa, kila moja ya baiti 2,048. Kwa hiyo kwenye baiti ya 32,768 kinaanza kitambulisho chenye herufi CD001, na ndani yake mna jina lisilozidi herufi 32 pamoja na tarehe ya kutengenezwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Mpangilio huo ni wa miaka ya themanini, na mpaka leo CD, DVD na flashi nyingi za Linux zinaubeba.

Ukitaka uhakika zaidi, fungua diski, bonyeza Ctrl na H ili vilivyofichwa vionekane, uingie folda ya .disk, yenye nukta mbele. Debian na Ubuntu huweka humo faili linaloitwa info, mstari mmoja tu: jina, toleo, usanifu, tarehe. Kwa Fedora na jamaa zake, tafuta faili la .treeinfo au .discinfo. Debian hutumia majina ya utani: Bullseye ni 11 ya mwaka 2021, Bookworm ni 12 ya 2023, Trixie ni 13 ya Agosti 2025. Ubuntu hutumia mwaka na mwezi, hivyo 24.04 ni ya Aprili 2024.

Na hapa narudi kwenye zile maabara za shule. Ubuntu iliacha kutoa diski ya biti 32 kwa kompyuta za mezani tangu toleo la 17.10, Oktoba 2017. Debian iliendelea nazo hadi Bookworm. Trixie haina tena kisakinishi cha biti 32. Mwalimu mwenye kompyuta kumi za biti 32 na flashi yenye Bookworm ya i386 ameshika kitu ambacho toleo jipya halitampa. Akiifuta kwa kudhani ni ya zamani haifai, amejitia kazi ya kuitafuta tena kwa intaneti ya shule.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Tuseme umesoma, ukaambiwa ni Windows 10 Pro, 19041, biti 64. Utajuaje kwamba haijachezewa? Mitaani kuna Windows zilizopunguzwa, zilizotiwa programu za kuvunja leseni, zilizoondolewa ulinzi wa virusi ili "ziwe nyepesi", na zote zinajitambulisha kama Pro. Kama unacho kile kifurushi cha ISO chenyewe, au DVD iliyochomwa moja kwa moja kutoka humo, unaweza kukipima: amri ya certutil -hashfile kwenye Windows, ukiipa jina la faili na neno SHA256 mwishoni, au sha256sum kwenye Linux, itakupa alama 64 za kulinganisha na zile zinazotangazwa na watengenezaji. Alama zikilingana, ni halisi, hakuna mjadala. Lakini flashi iliyotengenezwa na chombo cha Microsoft haipimiki hivyo, kwa sababu hiyo haikunakiliwa kutoka ISO iliyotangazwa. Sahihi ya kidijitali ya setup.exe inathibitisha setup.exe peke yake, install.wim ya kuchakachuliwa inaweza kukaa pembeni yake kwa raha zake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa fundi ni mkali. Flashi inayosema toleo lake lakini haisemi ilikotoka, isiwekwe kwenye kompyuta yenye kazi za mtu. Itumie kwa mazoezi kama unataka, au ifute uandike upya kutoka kwa mtengenezaji. Ndiyo, kifurushi cha GB 5 kina gharama yake. Ingiza gharama hiyo kwenye bei, umweleze mteja ni ya nini. Wateja wetu wanaelewa wakielezwa.

Ile uliyoithibitisha, iandike. Usiandike "Windows". Andika jina kamili, tarakimu za toleo, biti, lugha, ilikotoka na tarehe uliyoikagua, kwenye kikaratasi ukakifunga kwa uzi kwenye tundu la flashi, kwa sababu wino juu ya plastiki haudumu. Kwa flashi za Windows unaweza pia kubadilisha jina la diski lenyewe. FAT32 inakupa herufi 11, na W11_22631 inaenea humo bila taabu. Za Linux usizibadilishe jina. Fedora na jamaa zake, zinapowaka, huitafuta diski yao kwa jina hilohilo. Ukilibadilisha, flashi nzima inagoma kuwaka. Hizo zifungie kikaratasi tu.